Maji ya Shati la Danson

Kwa wiki tatu nzima Gertrude Mkamburi alijizoeza namna ya kumsalimu mwanamume aliyekuwa mbali naye miaka minne. Alijizoeza mbele ya kioo kidogo cha rafiki yake Jacinta, na kila salamu aliyoijaribu ilikuwa ndefu mno. Siku yenyewe ilipofika, pale Voi, mwezi wa Agosti mwaka wa 1957, mwanamume huyo alimpa mkono kama anavyopewa mgeni yeyote mlangoni, akasema:

"Mwalimu Gertrude. Asante kwa kukubali kututafsiria."

Kisha akaachia mkono wake na kumgeukia Mzungu aliyekuwa nyuma yake.

Gertrude alibaki na mkono wake hewani. Hakujua auweke wapi, akauweka kwenye kola ya gauni kama mtu anayetafuta kifungo.

"Amekuita nani?" Jacinta alimnong'oneza. Walifundisha shule moja ya misheni huko milimani, darasa la mmoja likipakana na la mwenziwe, na hapakuwa na neno ambalo Jacinta aliweza kulipita bila kuligusa.

"Mwalimu."

"Mwalimu! Mimi pia ni mwalimu, mbona mimi hakunisalimu? Nilidhani atakuita mpenzi. Au basi, kwa uchache, akuite Mkamburi."

"Watu wamejaa hapa, Jacinta."

"Watu walijaa pia siku ile alipokushika kiuno mbele ya duka la Mhindi pale Mwatate. Siku ile hawakumsumbua."

Gertrude alicheka kidogo, kwa sababu usipocheka na Jacinta atasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Lakini macho yake yalikuwa yamemfuata Danson Mwandawiro, ambaye sasa alitembea katikati ya viti akiwa na suti ya kijivu, miwani, na mwendo mpya ambao hakuondoka nao. Zamani alitembea kama mtu wa milimani, goti juu kidogo, kana kwamba kila mahali kuna jiwe. Sasa alitembea kama mtu ambaye hajapata kukutana na jiwe.

Ulikuwa mkutano mkubwa. Vijana waliosomea shahada za juu za elimu ya nafsi, ile wanayoiita saikolojia, walikuwa wamekusanyika kutoka Kampala, Mombasa na Moshi, na Voi ilichaguliwa kwa sababu moja tu: hapo ndipo treni zao zote zilipokutana. Wasemaji wakuu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Daktari Alexander, Mskoti mwenye nyusi nyeupe aliyemfundisha Danson huko Uingereza. Wa pili alikuwa Danson mwenyewe. Na kwa kuwa hotuba yake ilihusu Wataita, walialikwa pia walimu, wazee wa kanisa na akina mama kutoka Wusi, Mwanda na Mwatate. Hao walihitaji mkalimani. Danson aliandika barua kuomba apewe Gertrude, na barua hiyo Gertrude aliisoma mara nyingi kuliko alivyosoma Zaburi mwaka ule.

"Simama karibu nami jukwaani," Danson aliandika. "Hotuba ikiisha nitamwendea mjomba wako, nimwambie neno lile tulilokubaliana."

Neno lile. Kwa ajili ya neno lile Gertrude alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha mama yake Jumapili baada ya Jumapili, wenzake wakiolewa, wakizaa, wakija kumwonyesha watoto na kumwuliza kwa huruma iliyouma kama pilipili, "Na wako lini?" Kwa ajili ya neno lile mjomba Obadiah, ndugu wa mama yake, aliyesimama mahali pa baba tangu baba alipofariki, alikuwa amemrudisha Solomon fundi cherehani mara mbili.

"Akija mwingine simrudishi," mjomba alikuwa amesema asubuhi ile, wakishuka Mwatate. "Leo huyo Danson aseme, au anyamaze milele. Nimechoka kuwaambia watu kwamba mpwa wangu ameposwa na stempu."

Sasa mjomba alikuwa ameketi safu ya pili, ndani ya koti zito la kanisani, katika joto la Voi lililoyeyusha hata nta ya viatu. Chini ya koti alikuwa ameficha kitu, na Gertrude alikijua. Kilikuwa kibuyu cha maji ya muwa, yaliyokamuliwa alfajiri, hayajachachuka. Mzee wa kanisa hapaswi kuonekana nacho. Lakini mjomba Obadiah alikuwa Mtaita kabla hajawa mzee wa kanisa, na hakuweza kumpa mtu binti bila kumbariki kwa namna alivyobarikiwa yeye.

Basi Gertrude akapanda jukwaani na kusimama kushoto kwa Danson. Alisikia harufu ya sabuni yake. Haikuwa ile ya zamani.

* * *

Danson alianza vizuri. Ana sauti, huyo, hakuna wa kumnyima hilo. Alisema sentensi kwa Kiingereza, akanyamaza, Gertrude akaigeuza kwa Kiswahili, na ile sentensi ilipotoka kinywani mwa Gertrude ilikuwa imevaa nguo safi zaidi. Wazee walitikisa vichwa. Kwa muda mfupi, labda dakika ishirini, Gertrude alikuwa na furaha. Walikuwa wakisema pamoja, yeye na Danson, pumzi moja ikifuata nyingine, na alifikiri: hivi ndivyo itakavyokuwa nyumbani.

Danson aliwaeleza wageni juu ya kutasa. Alisema Wataita wanajua tangu kale jambo ambalo wataalamu wa Ulaya wamelijua juzi: hasira iliyofichwa moyoni haikai tu, humfanya mtu augue, na zaidi huwafanya waugue wale anaowapenda. Kwa hiyo mwenye hasira huchukua funda la maji ya muwa, akalipuliza nje kama manyunyu, akasema kwa kinywa chake kwamba hasira imetoka na aliyemkosea awe na amani.

"Lakini asidanganye," Gertrude alitafsiri. "Akipuliza na hasira bado imo, amefanya vibaya kuliko kama angenyamaza."

"Kweli kabisa!" mjomba Obadiah akasema kwa sauti, watu wakacheka, na mjomba akashika koti lake vizuri zaidi.

Ndipo Danson akafungua karatasi nyingine. Hakumtazama Gertrude. Baadaye, alipokumbuka, Gertrude aliona kwamba tangu aingie ukumbini Danson hakuwa amemtazama kamwe. Alikuwa ametazama mahali alipo.

Danson alisema kwa Kiingereza, na Gertrude akasema:

"Sasa niwape mfano mmoja. Ni msichana tutakayemwita M. Ana miaka ishirini na mitatu. Ni mwalimu wa shule ya misheni."

Vidole vya Gertrude vilipoa kwanza, kabla moyo haujaelewa.

"Mchumba wake alipanda treni hapa Voi kwenda masomoni. Tangu siku hiyo M. alipatwa na saka."

Minong'ono ikapita ukumbini. Kila mwanamke wa milimani anaijua saka. Kuna kitu mwanamke hukisikia au hukiona, kitu cha mbali kisicho chake. Hapo mwili humtetemeka, macho humgeuka, akaanguka. Wenzake humpigia ngoma akacheza mpaka imwachie, na mara nyingine huponywa kwa kitu cha mwanamume wake. Misheni ilikuwa imekataza. Mwalimu aliyejulikana kuwa na saka alirudisha chaki siku hiyohiyo. Na katika safu ya kwanza, wima kama rula, aliketi Bi. Margaret, msimamizi wa shule, ambaye alijua Kiswahili kuliko walimu wake wengi.

Danson akaendelea. Gertrude akamfuata.

"Kilichomwangusha kilikuwa filimbi ya treni. Treni ya Taveta ikipiga filimbi kule chini Mwatate, M. aliisikia mlimani kwao, akadondosha alichoshika, akaanguka."

Jacinta, safu ya nne, alifunika mdomo kwa mikono miwili. Hakuwa akijua. Hakuna aliyejua. Mama alikuwa amefunga mlango na kuwaambia majirani ni malaria. Watu watatu tu duniani walijua: mama, Gertrude, na yule aliyeandikiwa barua kwa Kidawida, lugha ya kwao, ili mtu yeyote njiani akiifungua asiweze kuisoma.

Sentensi iliyofuata Gertrude aliijua kabla Danson hajaisema. Yeye ndiye aliyeiandika, akiwa amejilaza kwa tumbo kitandani, mvua ikinyesha, na alipoimaliza aliona haya hata mbele ya karatasi.

Angeweza kuibadilisha. Mkalimani ni mfalme, nani angemkagua? Angeweza kusema dawa ya mitishamba. Angeweza kukohoa. Alimtazama Danson ubavuni, ile ngozi nyuma ya sikio aliyoikumbuka miaka minne, na Danson akageuza ukurasa kwa kidole alicholamba.

Kiburi cha Gertrude kilikuwa lugha. Hakuwahi kutafsiri neno vibaya kwa makusudi, na hakutaka kuanza na maneno yake mwenyewe.

"Mama yake M.," akasema, polepole, kila silabi mahali pake, "alichukua shati ambalo mchumba aliliacha. Alilifua katika beseni, bila sabuni. Akayachukua yale maji akampa binti yake ayanywe. M. akayanywa yote. Akalala akiwa amelikumbatia shati bichi, na asubuhi alikuwa mzima. Alifanya hivyo mara sita."

Nyuma kabisa mwanamke wa Wusi alimwambia mwenzake, naye alidhani ananong'ona, "Mwalimu, wa misheni, mchumba yuko Ulaya. Sasa si ni huyohuyo anayesema?"

Danson hakusikia. Alikuwa amefika mwisho wa ukurasa, na mwisho wa ukurasa ulikuwa mzuri kwa Kiingereza. Gertrude aliutafsiri wote.

"Kwa maoni yangu, M. hakuwa mgonjwa. Wala hakuwa anampenda mwanamume fulani. Alikuwa mtu mpweke aliyetaka kutazamwa, na mwili wake ukatafuta njia. Mwanamume angeweza kuwa yeyote. Shati lingeweza kuwa lolote."

Daktari Alexander alianza kupiga makofi. Vijana wa vyuo wakamfuata. Danson aliinamisha kichwa, akapanga karatasi zake.

Gertrude hakuondoka jukwaani.

"Hapo ndipo maneno ya msemaji mkuu yameishia," akasema kwa Kiswahili, na makofi yakakatika vipandevipande. "Sasa mkalimani ana yake, nayo ni machache. Shati hilo ni la samawati. Kifungo chake cha pili kutoka juu kilipotea, na liliachwa kwetu nilishone. Halikuwa shati lolote tu. M. ni mimi."

"Mkamburi," Danson akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Barua zile nilimwandikia mtu mmoja. Sikuuandikia mkutano. Aliniambia atarudi baada ya miaka miwili; hilo amelisahau katika utafiti wake. Na amesema nilitaka kutazamwa. Leo nimesimama kando yake saa nzima. Mwulizeni nimevaa gauni la rangi gani, bila kugeuka."

Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, aliyarudia yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, wageni wasije wakaachwa nyuma. Alipomaliza alishuka ngazi tatu za jukwaa, akapita katikati ya viti, akatoka kwenye jua.

* * *

Nyuma ya ukumbi palikuwa na tangi la maji la mabati na kivuli chembamba. Gertrude alisimama hapo, mgongo kwenye mabati ya moto. Mbele yake ilikuwa njia ya reli, vumbi jekundu, mashamba ya katani, na mbali sana, katika ukungu, milima ya kwao. Alidhani atalia. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni upweke wa namna mpya. Miaka minne alikuwa mpweke pamoja na mtu fulani; sasa alikuwa mpweke bila mtu.

Jacinta alimfikia kwanza, na kikombe cha maji.

"Kunywa. Ni ya bomba, hakijafuliwa kitu humo."

Gertrude alimtazama, na wote wawili wakacheka, kicheko kibaya kilichokaribia kilio.

"Mbona hukuniambia?" Jacinta akauliza. "Ukuta wa darasa langu na lako ni mmoja."

"Ungesema nini?"

"Ningepiga ngoma, mjinga wewe. Ningepiga hata kwa sufuria."

Hapo Danson alitokea kwenye kona ya ukumbi, bila miwani. Jacinta alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Rangi ya zambarau," akamwambia. "Gauni. Ili ukiulizwa tena usiaibike." Akaondoka, lakini hakwenda mbali.

Danson alisimama hatua mbili kutoka kwa Gertrude. Bila miwani alikuwa yule wa zamani kidogo, na hilo liliuma zaidi ya miwani.

"Nilikubadilisha jina," akasema. "Sikusema Gertrude. Nilisema M."

"Mkamburi inaanza na nini, Danson?"

Danson aliipapasa miwani mfukoni.

"Kule Uingereza," akasema, "nilipousoma mfano huo, hakuna aliyejua ni nani. Walikuwa watu mia mbili. Hakuna aliyejua."

"Kwa hiyo hii ilikuwa mara ya pili."

"Ya tatu." Alikuwa na tabia hiyo, hakujua kusema uongo ukimwuliza papo hapo, ndiyo iliyomfanya Gertrude ampende. "Mkamburi, nisikilize. Ile sehemu ya mwisho si mimi. Huwezi kusimama mbele ya watu wale ukasema, 'Alinipenda.' Watacheka. Unatakiwa usimame mbali, uone jambo kama si lako."

"Nawe ukasimama mbali."

"Ni kazi."

"Na ulipozipokea barua? Siku ile ya kwanza, uliposoma nimeanguka nikaumia goti. Ulikuwa kazini?"

Danson alitazama chini. "Nilizisoma kitandani. Chumba kilikuwa baridi, sikumjua mtu. Nilikaa siku nne bila kuongea na mtu yeyote ila mwenye nyumba. Nilizisoma barua zako mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Kisha Daktari akaniuliza kama nina mfano wowote kutoka nyumbani, nami sikuwa na kitu kingine chochote, Mkamburi. Nilikuwa na wewe tu. Nikatoa nilichokuwa nacho."

Na Gertrude, ambaye alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa hilo, aliona mkono wake mwenyewe ukitaka kuondoka kwenye mabati uende kwenye shavu lile. Akaushika kwa mkono wa pili.

"Ungeniuliza," akasema. "Stempu ulikuwa nazo."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Mjomba Obadiah alikuja akihema, kibuyu sasa kiko wazi mkononi, koti amelitundika begani. Haya za mzee wa kanisa zilikuwa zimeisha.

"Nimesema na wote," akasema. "Nimesema na Mzungu wako, Danson, nimesema na Bi. Margaret. Sikilizeni, wanangu, jambo hili linazibika bado. Danson, mwambie ulichoambiwa."

Danson akatii. "Daktari anauliza kama nilipewa ruhusa ya kutumia barua. Chuo ni kikali juu ya hilo. Kama sikupewa, shahada yangu inasimamishwa, labda inafutwa. Kesho asubuhi, kabla hajaanza hotuba yake, ungesema tu mbele ya mkutano kwamba ruhusa ulinipa, na kwamba leo ulishtuka, na unaomba radhi kwa kuvuruga. Basi. Maneno machache."

"Na Bi. Margaret," mjomba akadakia, "anasema ukiomba radhi atachukulia ile saka ni habari ya zamani, ya utotoni. Utabaki na darasa lako. Na huyu hapa amenipa neno. Sema, bwana, mbele yake."

"Desemba," Danson akasema. Alimtazama sasa. Alimtazama kweli, macho kwa macho, kama siku ile ya kuagana, kwenye behewa, alipoinama dirishani mpaka walinzi wakampigia kelele. "Nimemwambia mjomba wako Desemba. Kanisani Wusi. Hilo sikulisema kwa sababu ya leo. Nilikuja nalo."

Gertrude alimwamini. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimwamini kwamba alikuja nalo, katika sanduku moja na zile karatasi.

Desemba. Aliona kibaraza cha mama bila yeye juu yake. Aliona wenzake wakija na watoto, na safari hii yeye akiwatengea viti. Aliona darasa lake, chaki, wasichana wake thelathini. Vyote vilikuwa pale, upande wa pili wa maneno machache.

"Umekasirika, mwanangu," mjomba alisema kwa upole, "na una haki. Nimemwona aliyekukosea kwa macho yangu. Lakini ukirudi nyumbani na hasira hiyo itamla mama yako, unajua. Nilileta maji haya kwa ajili ya furaha. Sasa yafanye kazi nyingine. Chukua funda, upulize, useme imetoka. Mengine yote yatafuata yenyewe."

Akamnyoshea kibuyu.

Gertrude alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Kilikuwa na uvuguvugu wa mwili wa mjomba. Maji yalikuwa yamekaa tangu alfajiri katika joto lile, na yalikuwa yameanza kuuma ulimi kidogo. Alichukua funda kubwa, mashavu yakajaa.

Danson alivua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mkono ulikwenda kichwani, ukakuta nywele tu. Kisha akainamisha kichwa apokee manyunyu, kama mtoto wa milimani alivyofundishwa. Shingo yake ilikuwa nyembamba. Jacinta, kwenye kona, alisimama kimya kwa mara ya kwanza siku ile.

Na hapo treni ya Taveta ikapiga filimbi.

Ilikuwa karibu sana, karibu kuliko alivyowahi kuisikia mlimani. Ilipita masikioni ikashuka mgongoni. Wote watatu walimtazama Gertrude. Mjomba alinyosha mikono kumdaka. Danson aliinua kichwa, na katika macho yake, kwa nukta moja tu, nyuma ya hofu na nyuma ya mapenzi, Gertrude aliona kitu kingine kikichungulia. Danson alikuwa anangoja kuona itakuwaje.

Saka ilianza kumtikisa mwili. Akaegemeza mgongo kwenye mabati. Hakuanguka. Filimbi ikapiga mara ya pili, mabehewa yakaanza kuvutana, vumbi likainuka, na Gertrude, mashavu bado yamejaa, akaitafuta hasira yake mahali ilipokuwa. Ilikuwa palepale. Haikuwa imesogea hata inchi moja.

Akayameza maji ya muwa.

Yalishuka kooni kwa sauti, wote wakaisikia.

"Mkamburi!" mjomba alishika kichwa. "Umeyameza! Mwanangu, umeyameza!"

"Nimeyameza, mjomba. Ningeyapuliza ningedanganya, na yeye mwenyewe amewaeleza wageni ubaya wake. Nimetafsiri mimi." Alikirudisha kibuyu kwa mikono miwili. "Mama nitamwambia mwenyewe. Ataugua kwa ukweli, hataugua kwa uongo."

"Utabaki peke yako," mjomba akasema, na hakuwa anatishia. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Darasa litakwenda. Desemba itakwenda. Solomon naye ameshaoa. Unaelewa? Utabaki kwenye kile kibaraza peke yako."

"Nakijua kile kibaraza."

Danson alisogea hatua moja. "Mkamburi, sahau mkutano. Sahau shahada. Niambie mimi tu pole, hapa, nami nitakuambia pole, tuwe sawa. Neno moja tu, na lako si lazima liwe kubwa."

Gertrude alimtazama kwa muda mrefu, ile ngozi nyuma ya sikio, kola ngumu ya shati jeupe lenye vifungo vyote. Alikuwa anampenda bado. Alijua atampenda akiwa kwenye lori la kurudi Mwatate, na akipanda mlima, na kesho, na filimbi ikipigwa.

"Shati lako nitalituma kwa posta," akasema. "Kifungo nilishakishona. Lakini msamaha siombi, Danson. Siombi leo, na kesho asubuhi usiniwekee kiti."